Saini ya Mkono wa Kushoto

3 Februari

Dada yangu,

Salamu zikufikie, na zikifika na harufu ya damu usishangae, ndiko zilikotoka. Mimi nipo. Nakula, nalala, na vidole vyangu ninavyo vyote kumi, jambo ambalo hapa machinjioni mtu anaweza kujisifia. Jumanne fahali alikata kamba akambana msimamizi wetu wa zamu ukutani. Pembe iliingia pajani upande huu ikachungulia upande ule. Tukamfunga kwa aproni zetu. Huku anabebwa bado alikuwa anatoa amri, yule fahali atangulizwe. Tukamtanguliza. Kisu kilikuwa changu. Sikufurahi wala sikusikitika, nilifikiria tu kwamba huenda fahali naye alikuwa na sababu zake.

Wenzangu bado wananiita Msomi, kwa kosa langu lile lile la kusoma gazeti kabla ya kulifungia maini.

Sasa lililonikalisha chini. Kile kikohozi cha mwaka juzi hakikuwa kikohozi tu. Nina virusi. Nameza dawa tangu wakati ule, na kwa kuwa zilikuwa za bure sikuona haja ya kumsumbua mtu. Lakini vipimo vya mwezi uliopita vinasema virusi vimezizoea, vinaishi nazo kama wapangaji wasiolipa kodi. Daktari amenibadilishia. Hizi mpya ni za kununua, na bei yake inamaliza mshahara wangu kisha inauliza kama kuna kingine. Upo Mfuko unaowalipia wasiojiweza. Mfuko una fomu, na fomu inataka msimamizi: ndugu wa damu, mwenye kazi ya mshahara, atie saini kwamba anamjua mgonjwa na atahakikisha anameza. Nimehesabu ndugu wa damu niliobaki nao, nikarudia kuhesabu, nikakupata wewe.

Nimekutumia ukurasa wa saini tu, kurasa nyingine ziko kwa karani wa Mfuko. Nilizijaza mwenyewe, kila kisanduku kama kilivyotaka. Karani alisema kwa siku ile yangu ndiyo fomu pekee isiyo na pa kufuta.

Ugonjwa nilikoupata usiniulize.

Mdogo wako


16 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako nilizianika kwanza ndipo nikazisoma. Mimi ni mzima. Hapa kwenye kiwanda cha kufulia wameniweka kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, na siku nzima nawaona wageni wa watu walivyolala bila kuwaona wenyewe. Mama mkwe naye mzima, hasemi sana, anaangalia ninavyopika kama anayesubiri moto. Shemeji yako ana kazi tele. Watu wameingiwa na hofu ya wezi, kila mwenye ukuta anataka geti. Mwezi uliopita alichomelea geti la kituo cha polisi, tangu siku hiyo anatembea kana kwamba wamempa na cheo. Mkono wake bado ni mwepesi. Juzi nilirushiwa sahani. Tuyaache.

Umeniudhi. Miaka miwili unameza dawa kama mtu anayeiba sukari. Barua yako niliisomea chooni, nikalia kwa dakika tunazoruhusiwa, nikarudi kwenye mashine. Mwenzangu aliniuliza nini, nikamwambia mvuke.

Nimetia saini mahali pote patatu, ile saini yangu yenye mkia mrefu. Mkia umekaa vizuri.

Endelea kuniandikia kazini, kwa mtunza stoo. Simu ya nyumbani ni moja na hulala mfukoni mwa shemeji yako. Barua ikifika nyumbani huifungua yeye.

Sikuulizi ulikoupata. Nawe usiniulize habari za sahani.

Dada yako


14 Machi

Dada mwenye saini ya kifalme,

Naandika nikiwa nimeshiba, na hiyo ndiyo salamu yangu ya leo. Mama mwenye nyumba wangu anakusalimu, hakujui lakini anasalimia kila mtu.

Wamekubali. Nilipanga foleni dirishani tangu asubuhi. Mbele yangu jamaa wawili waligombania nafasi, mmoja akachukua kufuli la baiskeli akampasua mwenzake juu ya jicho, na aliyepasuliwa akakataa kwenda kushonwa asije akapoteza zamu. Damu ilichuruzika mpaka kwenye fomu yake. Karani akaikataa, eti ni chafu. Yangu aliinyanyua kwa vidole viwili, akaitazama saini yako, akasema huyu ni mtu aliyesoma. Sikumbishia.

Nimepewa za miezi mitatu. Tumbo lilifanya maandamano wiki moja kisha likatawanyika. Mizani ya kupimia nyama inasema nimeongezeka. Ni mizani ya serikali, haisemi uongo.

Neno moja: kila miezi mitatu msimamizi anatia saini upya. Wamesema usihangaike na posta, watakuletea karatasi wao wenyewe kwa mkono. Utashangaa serikali ilivyo na adabu siku hizi.

Mdogo wako


21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wote wazima.

Karatasi ililetwa. Nimeisaini, imo humu ndani, ipeleke.

Mwandiko usikushangaze. Mashine ya pasi ilininyaka mkono wa kulia, umefungwa plasta. Naandika kwa kushoto, polepole. Hakuna la zaidi.

Meza dawa.

Dada


10 Juni

Dada,

Pole sana na mkono. Nimeuliza kwa watu kama mashine za namna hiyo zina kinga, wakasema zipo zenye kinga na zipo zenye bosi. Barua yako ina mistari michache mno kwa mtu anayenijua. Ulipoandika "wote wazima" nilisoma mara tatu, nikitafuta yule "wote" ni nani.

Mimi nimepungukiwa meno mawili ya mbele, nitakueleza kwa mpangilio.

Nilipeleka karatasi. Karani akaiweka kando ya ile ya Februari, akazitazama kama mtu anayechagua nyanya. Akasema aliyesaini ya pili hajawahi hata kukutana na aliyesaini ya kwanza. Nikamweleza habari za mashine. Akasema kila mwezi anakamata waghushi watano, na wote wana dada aliyevunjika mkono. Halafu akapaza sauti ili foleni isikie, kwamba wapo wanaouza dawa za wagonjwa wenzao kwa saini za kubandika. Hapo ndipo mkono wangu ulipopita kwenye nondo za dirisha ukashika tai yake. Nilimvuta mpaka paji lake likagonga chuma. Nikamrudisha nyuma, nikamvuta tena, kwa kuwa mara ya kwanza hakuelewa. Mlinzi alifika na rungu. Meno sikuyaokota.

Nililala rumande. Aliyekuja kunitoa ni muuguzi mkuu wa kliniki, mama mmoja mnene asiyecheka na mtu. Amenipa vidonge vya dharura vya kunifikisha mwishoni mwa Julai, akasema baada ya hapo hata akinikuta nimelala mlangoni hatanipa kimoja bila karatasi iliyokamilika. Ninamwamini.

Wanachotaka ni kiapo chako, kinachoeleza kwa nini saini imebadilika, na uthibitisho. Kama ni ajali ya kazi, barua ya mwajiri. Kama ni jambo jingine, karatasi ya polisi. Kwako ni rahisi, mwombe meneja mistari miwili na muhuri. Mashine ni yake.

Mdogo wako, mwenye pengo


20 Juni

Mdogo wangu,

Pole na meno. Wewe na mikono yako, tangu utoto. Mama alikuwa anasema utafungwa kabla hujaoa. Umefungwa.

Plasta imetolewa. Vidole viwili vinakunja, viwili havitaki, kimoja bado kinafikiria. Wamenihamishia kwenye kuhesabu taulo.

Meneja amekataa kuandika. Nimemwomba mara moja, sitamwomba tena.

Naona utafute msimamizi mwingine. Hata akiwa wa mbali. Waambie mimi nimesafiri, au nimefariki, andika lolote litakalopita.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Leo salamu zitangulie zenyewe, mimi nitazifuata nikitulia.

Umeniambia nikuandike umekufa. Nimelitafuna neno hilo wiki nzima kwa meno niliyobaki nayo. Hakuna wa mbali. Unajua kwamba hakuna. Wewe ndiye uliyekaa nami kwenye mazishi ya wazazi wote wawili, na tulipogeuka nyuma kuangalia nani mwingine amebaki, tuliona viti.

Huku habari zimefika. Katika foleni ile alikuwepo mke wa mchunaji mwenzetu. Siku ya pili nilikuta kikombe changu cha chai kimetengwa juu ya dirisha, na mwenye mke akaniuliza mbele ya watu kama kisu changu nakiosha kwa maji gani. Nilimshika kisogo nikamtia kichwa kwenye pipa la matumbo. Nilimzamisha mpaka mapovu yakapungua. Walinitoa wanne. Sasa wamenihamishia kwenye kutia ngozi chumvi, peke yangu, chumba kisicho na dirisha. Kisu hawakunipokonya kwa sababu nilikinunua kwa pesa yangu.

Nakuuliza, na nijibu kama ulivyokuwa unanijibu zamani. Ni aibu? Shemeji amejua, ukaona ni afadhali mimi nikose dawa kuliko yeye akose raha? Kama ni hivyo andika tu. Mtu akikataliwa na karani anaweza kumgonga kichwa. Akikataliwa na dada yake sijui anamgonga nani.

Vidonge vimebaki vya wiki nne.

Yule mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku tano. Kaa chini na wewe. Kama umeshika kitu, kiweke.

Hakuna mashine iliyoninyaka. Meneja alikataa kuandika kwa sababu hakuna ajali iliyotokea kazini kwake, na ni mtu wa kweli kwa siku zile ambazo ukweli haumgharimu.

Kwenye fomu yako palipotakiwa makazi ya msimamizi, uliandika makazi. Nyumba, mtaa, karakana ya mageti mbele. Najua ulijisifia ulivyokuwa unaandika. Mei, siku ya kazi, akaja mtu wa Mfuko na kizibao chenye maandishi mgongoni, mimi nikiwa kwenye mashuka. Alipotea kidogo, kwa hiyo akauliza. Aliuliza nyumba ya kwanza mpaka ya kumi na moja, kwa sauti ya muuza samaki, wapi anapokaa msimamizi wa mgonjwa wa virusi. Katika ile ya kumi na mbili alimkuta mume wangu na wateja wawili. Wateja waliondoka bila kuagiza.

Niliporudi alikuwa amezima mtambo wa kuchomelea, na yeye hauzimi hata mvua ikinyesha. Akanionyesha karatasi, akauliza kama ile saini ya zamani iliyotajwa pale ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza nitasaini tena. Ningeweza kusema hapana kisha nikasaini kimya kimya, lakini nilikuwa nimechoka, na aliyeandikwa pale ni wewe. Nikasema nitasaini. Akauliza kwa mkono upi, taratibu kabisa, kama anayepima mteja. Nikadhani ni utani. Nikauinua.

Kuna fuawe pale karakana, kile chuma anapofulia bawaba. Nilishikwa mkono usitoke. Alitumia nyundo ya kati. Pigo la kwanza nililisikia, la pili nililiona, la tatu niliambiwa baadaye. Kisha akawasha mtambo, maana kulikuwa na geti la mtu la kumaliza.

Karatasi aliitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Niliiokota asubuhi yake. Alivunja mkono mmoja akasahau kwamba ninao wa pili.

Polisi usiniambie. Mkuu wa kituo anamwita fundi wangu, na siku ya kufungua lile geti walipiga picha wamekumbatiana.

Sikukuambia kwa sababu nakujua wewe, na kisu chako nakijua. Ukimfanya lolote utafungwa maisha, na jela hakuna mtu atakayekuuliza umemeza au hujameza. Nitakuwa nimevunjwa mkono bure. Tafuta njia nyingine. Nakuomba kama mkubwa wako.

Dada


16 Julai

Dada,

Barua hii nimempa dereva wa basi ili isichelewe.

Makazi niliyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Sina la kusema juu ya hilo ambalo halitanichefua mwenyewe nikilisikia.

Jumamosi hii usiwe nyumbani. Nenda kazini asubuhi, hata kama si zamu yako, ukae mpaka wafunge milango. Kaa na watu, wakuone, waweze kusema ulikuwa nao.

Usinijibu.


25 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Barua hii nayo nimempa dereva, kwa mkono wangu, na nimemwambia akiipoteza nitamjua.

Jumamosi nilihesabu taulo kutwa. Nilihesabu mara nne zile zile. Kila mlango ulipogongwa nilijua ni mtu amekuja kuniita. Hawakuja. Jioni nilirudi, nikamkuta anakula. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyotafuna, mpaka akaniuliza kama nimemkopesha chakula. Sijui kama ulikuja. Usiniambie.

Sasa sikia lililotokea Jumatano, maana mimi mwenyewe bado nalisikiliza. Asubuhi mume wangu ametoka kwenda kupima ukuta wa mtu. Mama mkwe akaja jikoni amevaa khanga zake za safari, akaniambia nivae viatu. Nikauliza tunaenda wapi, akasema nivae viatu. Tukatembea mpaka kituo cha polisi. Pale getini alisimama kidogo, akalitazama, akapita.

Mezani alikuwepo askari kijana. Akasikia jina la fundi, akaweka kalamu chini. Akasema mambo ya ndani ya nyumba yanamalizwa ndani ya nyumba, na hata hivyo bibi ni mama mzazi, amekuja kama shahidi wa nani? Mama mkwe aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, vile ulivyo, na vidole vinavyoangalia pembeni. Mdogo wangu, mwanamke huyu sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu kuliko "chumvi". Akasema:

"Mwanangu ndiye aliyepiga. Mkono niliushika mimi. Andika yote mawili."

Yule askari alisema bibi, ukisema hivyo na wewe una kesi. Akasema anajua, ndiyo sababu amevaa vizuri. Wakamwita mkuu wa kituo. Mkuu akaja na tabasamu la fundi wangu, akaondoka bila hilo tabasamu, maana wakati huo watu waliokuja kuripoti kuku na baiskeli walikuwa wameacha mambo yao wote na kusikiliza.

Sikuwa nimekuandikia kwamba alikuwa yeye. Nilikuandikia nilishikwa. Sikuweza.

Wamemchukua mume wangu saa nane. Alipigana. Mmoja alivunjika taya, na hapo urafiki ukaisha, wakampiga mpaka getini na baada ya geti. Nasikia yuko rumande analalamika kwamba kufuli la mlango wa ndani limewekwa vibaya. Mama mkwe wamemwachia kwa dhamana ya umri wake. Yuko jikoni sasa hivi. Njiani nilimwuliza kwa nini, baada ya miezi miwili ya kunyamaza, na kwa nini leo. Akasema tutembee, jua kali.

Humu ndani kuna kiapo changu, muhuri wa polisi, karatasi ya daktari, saini yangu ya kushoto na dole gumba la mama mkwe. Kaseme nao dirishani kwa mdomo. Mikono iache nyumbani.

Dada yako


28 Julai

Dada yangu,

Salamu kwako, na salamu kwa mwenye khanga za safari, ingawa hizo umpe kwa namna yako.

Basi lilifika Ijumaa asubuhi. Nilikwenda dirishani nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mtuhumiwa, mlinzi amesimama karibu na rungu lake, tukasalimiana, maana tunafahamiana. Karani ana kovu kwenye paji, jembamba, limenyooka kama nondo. Alisoma kiapo chako kimya. Akarudia. Safari hii hakupaza sauti. Akanitazama, akatazama tena ile karatasi ya daktari, akauliza anaendeleaje. Nikasema viwili vinakunja. Akatoa faili, akachukua rula, akaipiga mstari mmoja wa wino saini yako ya mkia mrefu, akaandika pembeni kwamba haitumiki tena. Chini yake akabandika ya kushoto, akagonga muhuri. Sasa hiyo ndiyo saini yako mbele ya serikali. Nilitamani kuulilia mkia ule, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Nimepewa za miezi mitatu. Nilikuwa nimebakiwa na vidonge viwili. Cha siku ile nilikimeza pale pale bila maji, karani akiona.

Mahali pa makazi ya msimamizi nimeandika kiwanda cha kufulia, kwa mtunza stoo. Nimejifunza kudanganya fomu.

Umesema nisikuambie kama nilikuja Jumamosi. Nimelifikiria hilo tangu jana, na naona nina deni la mtu mwingine, siwezi kukaa nalo. Nilikuja. Nilifika saa tatu nikasimama ng'ambo ya karakana, kwenye ukuta wenye kivuli, na mfuko wangu. Alikuwa peke yake, ameinama, miwani myeusi usoni, mgongo kwangu. Kwa mtu wa kazi yangu, mgongo kama ule ni mwaliko. Hatua kumi na tano. Nilikuwa nimeshazipima.

Mama yake akatoka na chai. Akaiweka juu ya fuawe. Akaniona. Hajaniona tangu harusi yenu, lakini alivuka barabara moja kwa moja, akaniuliza ninauza nini kwenye mfuko. Sikuona sababu ya kumficha mama mtu mzima. Nikaufungua. Akachungulia kama anayekagua nyama kama ni ya leo. Kisha akasimama karibu yangu, sote tumeelekea karakana, kama watu wawili wanaongoja basi. Akaniambia mwenyewe kwamba mkono aliushika yeye, nijue kama nimekuja kwa ajili ya mmoja au wawili. Akasema yule ni mtoto wake wa pekee. Nikamwambia na yule aliyemshika mkono ni dada yangu wa pekee. Hakubisha. Cheche zilikuwa zinaruka kule, naye anayarudisha macho yake kila zinaporuka, kama anayehofia zitamwunguza mwanawe. Sijui tulisimama kwa muda gani. Chai ile iliweka ngozi na haikunywewa.

Aliniambia nisikusimulie, kwa hiyo usimwonyeshe kwamba unajua. Mwisho aliufunga mfuko wangu kwa mkono wake, akakaza kamba. Akaniuliza dawa zangu zimebaki za siku ngapi, maana mtaa mzima unajua habari zangu. Nikamwambia nane. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Basi nikopeshe siku nne," akasema.

Mdogo wako